Bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba: mambo ya kumaliza kwenye karatasi kabla ya sururu ya kwanza

Mabwawa mengi ya nyumbani huanza na picha. Mwenye nyumba anamwonyesha fundi simu, fundi anasema "hilo dogo, bosi", na wiki inayofuata kuna shimo. Ukilitembelea miaka miwili baadaye unakuta maradhi yaleyale: upande wa kina usioingiwa na mtu, kona yenye ukijani hata dawa ikiongezwa, pampu inayonguruma chini ya dirisha la chumba cha kulala. Ukuta wa nyumba ukikosewa unabomolewa na kujengwa upya. Kosa la bwawa limelala chini ya vigae na zege na makumi ya tani za maji, na kulifikia ni kuvunja vyote vilivyo juu yake.

Kwa hiyo mwongozo huu unapanga safari ya maji kwanza: yataingia wapi, yatazunguka vipi, yatachujwa na nini, yatatoka wapi siku ya mvua kubwa na siku ya kuosha filta. Umbo, rangi na taa vitafuata. Ili hesabu zishikike nitatumia bwawa moja la mfano mwanzo hadi mwisho: urefu mita 8, upana mita 4, kina kinachoanza mita 1.1 na kushuka hadi 1.7, yaani wastani wa mita 1.4.

Zidisha: 8 × 4 × 1.4 ni mita za ujazo 44.8. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000 na uzito wake ni tani moja, kwa hiyo tunazungumzia karibu lita 45,000 na tani 45. Iandike namba hiyo juu kabisa ya karatasi yako. Utairudia mara nyingi.

## Nani atakuwa majini Jumamosi mchana?

Kaa na watu wa nyumbani uulize swali hilo tu, na usikubali jibu la "sote". Watoto wanaocheza mpira majini wanahitaji eneo pana lenye maji ya kifuani. Wazee wengi hawaogelei kabisa, wanataka ngazi pana ya kukalia miguu ikiwa majini. Anayetaka mazoezi anahitaji urefu: chini ya mita 10 atakuwa anageuka tu kila akishika kasi. Hapa ndipo umbo linapoanza kujichora lenyewe. Bwawa la mita 12 kwa 2.5 lina eneo la mita za mraba 30, karibu sawa na bwawa letu la mfano lenye 32, lakini kwa mwogeleaji ni dunia mbili tofauti. Upana wa mita 2 hadi 2.5 unamtosha mtu mmoja kabisa.

Kina ndipo watu wanapopoteza fedha. Maji ya mita 1.1 hadi 1.5 yanafaa kwa karibu kila jambo linalofanywa kwenye bwawa la nyumbani, na hata mwogeleaji mzuri hahitaji zaidi. Bwawa la Olimpiki lenyewe, mita 50 kwa 25, kwa miaka mingi liliruhusiwa kuanzia kina cha mita 2. Kwenye mfano wetu kila sentimita 10 unayoongeza kwenda chini ni lita 3,200 za kujaza, kuchuja na kutia dawa maisha yote ya bwawa, na juu yake kuna uchimbaji na kuta nzito zaidi. Sababu halisi ya kina kikubwa ni kuruka kichwa mbele, na hilo lisifanywe kwenye maji yaliyo chini ya mita 2.7. Kina cha mita 2 ndicho kibaya kuliko vyote: kinamdanganya kijana kwamba anaweza kuruka, na shingo ikigonga sakafu habari yake inajulikana. Kama huwezi kufika kina salama, chora bwawa la kina kifupi na uandike ukingoni kwamba kuruka kichwa mbele ni marufuku.

Mteremko wa sakafu uwe mpole, usiozidi sentimita 8 kwa kila mita moja ya urefu. Mfano wetu unashuka sentimita 60 katika mita 8, yaani sentimita 7.5 kwa mita, hivyo umo ndani. Mteremko wa ghafla humtelezesha mtoto aliyekuwa amesimama vizuri. Ngazi zisizidi kimo cha sentimita 30 kila moja, pa kukanyaga pawe na sentimita 30 au zaidi, na ukingo wa kila ngazi uwe na kigae cha rangi tofauti. Ukitazama kutoka juu, maji hufanya ngazi nyeupe zote zionekane kama sakafu moja tambarare.

Kuhusu umbo, mimi ni mtu wa pembe nne. Umbo la figo lilipata umaarufu baada ya Alvar Aalto kuchora bwawa la Villa Mairea huko Finland, nyumba iliyokamilika mwaka 1939, na Thomas Church kuchora lile la bustani ya Donnell kule California mwaka 1948. Ni mazuri kweli. Lakini yalichorwa kwenye viwanja vikubwa na watu waliojua mkunjo mmoja unaanzia wapi na kuishia wapi. Kwenye uwanja mdogo wa nyuma, kila mkunjo ni nondo za kupinda, vigae vya kukata kimoja kimoja, na turubai la kufunikia ambalo halipatikani tayari. Ukitaka mkunjo, weka mmoja, upande wa ngazi.

## Kamba chini, viti pembeni, siku tatu

Chukua kamba nene au mpira wa kumwagilia bustani, ulaze chini ukifuata umbo la bwawa kwa vipimo halisi. Uache hapo siku tatu.

Siku ya kwanza tazama jua. Pita saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi, kila mara uchore kwenye karatasi kivuli kilipofika. Maji yanayokaa kivulini kutwa yatakuwa baridi, na waogaji hutafuta jua hata kama wanalilalamikia. Siku ya pili leta viti, meza na watu. Kaeni, pishaneni mkiwa mmebeba sinia. Utagundua kwamba nusu mita ya ukingo uliyoiona inatosha kwenye mchoro haimtoshi mtu mmoja kupita nyuma ya kiti. Acha mita 1.2 kuzunguka pande zote, na upande mmoja wenye mita 2.5 au 3 za kukaa. Siku ya tatu nenda jikoni, simama pale mtu mzima anaposimama muda mrefu zaidi, utazame nje. Kama huioni kamba yote kutoka hapo, lisogeze bwawa.

Katika siku hizo tatu funga kitambaa chepesi kwenye kijiti na uangalie upepo unaelekea wapi jioni. Hili nililipuuza kwenye bwawa la kwanza nililosimamia. Mdomo wa kufyonza takataka za juu, ambao mafundi huuita skima, niliuweka upande uliokuwa karibu na pampu ili kuokoa mita chache za bomba. Upepo ulikuwa unasukuma majani kwenda kona ya mkabala. Mwenye nyumba alikuwa na filta ya gharama na bado kila asubuhi anashika wavu wa mkono. Skima hukaa upande ule upepo unakoelekea, ili upepo ufanye nusu ya kazi.

Kuna mahali ambapo bwawa halikai hata kama pamependeza. Chini ya nyaya za umeme, hapana. Juu ya bomba la maji taka au karibu na karo na shimo lake la kunywea, hapana. Sehemu ya chini kabisa ya uwanja nayo ni mtego, kwa sababu kila mvua italeta tope la uwanja mzima. Kama hakuna pengine, inua ukingo sentimita 15 juu ya ardhi na uchimbe mchirizi wa kukatiza maji upande wa juu. Mti mkubwa karibu hukupa majani juu na mizizi chini.

Halafu msingi wa nyumba. Kutoka kwenye kitako cha msingi, chora mstari unaoshuka kuelekea bwawa kwa nyuzi 45. Sakafu ya bwawa ibaki juu ya mstari huo, au bwawa lisogee mbali zaidi. Kwa maneno mepesi: bwawa likishuka mita 1 chini ya kitako cha msingi, liwe mbali na msingi huo kwa mita 1 na ziada. Ukichimba ndani ya mstari unaondoa udongo unaoishikilia nyumba, na nyufa zitafuata. Hilo ni suala la mhandisi, usilimalize kwa macho.

Mwisho pima njia. Mashine ya kuchimba na lori vitapita wapi? Nimeona ukuta wa jirani ukiombwa kuvunjwa kwa sababu geti lilikuwa na upana wa mita 2.

## Shimo la majaribio

Kabla ya kulipia mchoro kamili, tafuta kibarua mmoja achimbe shimo dogo la mita moja kwa moja pale upande wa kina utakapokuwa, lishuke nusu mita zaidi ya kina cha bwawa. Ikiwezekana lichimbwe msimu wa mvua. Angalia ukuta wa shimo: rangi ya udongo inabadilika wapi, kuna mchanga, kuna mwamba? Lifunike kwa mabati, ulale. Asubuhi chukua kijiti kikavu ukichovye hadi chini, utoe, upime palipolowa.

Kijiti kikitoka kikavu, nenda kwa amani. Kikitoka na sentimita 40 za unyevu na hakuna mvua iliyonyesha usiku, una maji ya ardhini, na jambo hilo linabadilisha mradi mzima. Bwawa tupu ndani ya maji ya ardhini ni mashua. Fanya hesabu ya mfano wetu: sakafu na kuta za zege lenye unene wa sentimita 20 zina uzito wa karibu tani 31. Maji ya ardhini yakipanda hadi karibu na ukingo, yanalisukuma juu kwa nguvu ya tani 58 hivi. Likiwa limejaa, tani 45 za maji ya ndani zinalituliza. Siku utakapolimwaga kwa ajili ya usafi linaweza kunyanyuka, na hakuna fundi wa kulirudisha. Dawa yake huchorwa mapema: tabaka la kokoto chini ya sakafu, bomba la matundu linalopeleka maji ya ardhini kwenye kisima kidogo chenye pampu, na valvu ya sakafuni inayofunguka yenyewe maji ya nje yakizidi nguvu ya ndani.

Udongo mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu masika, ni tabu ya aina nyingine. Unavimba na kusinyaa kila msimu na kulikunja ganda la bwawa. Kwa kawaida huondolewa chini na pembeni na kujazwa kifusi kinachoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na nondo huongezwa.

Usisahau udongo utakaotoka. Shimo la mfano wetu, pamoja na unene wa zege na nafasi ya kufanyia kazi, ni karibu mita za ujazo 65. Udongo uliochimbwa hufura kwa robo hivi, kwa hiyo utakuwa na mita 80 za kubeba. Kwa lori la mita 8 hizo ni safari kumi. Amua sasa unaenda wapi.

Vibali sitakaa navyo sana kwa kuwa kila mamlaka ina utaratibu wake. Uliza mambo manne kabla ya mchoro wa mwisho: umbali kutoka mpakani, aina ya uzio, mahali panaporuhusiwa kumwaga maji ya bwawa, na kama mchoro unahitaji mhuri wa mhandisi.

## Ganda: njia nne

Zege la nondo hukupa umbo lolote na huishi miaka mingi likijengwa vizuri. Humwagwa kwenye mbao au hupulizwa kwa mashine. Mashine hiyo ya kupuliza ilibuniwa na mtu ambaye hakuwa hata mjenzi: Carl Akeley, mkaushaji wa wanyama wa makumbusho kule Chicago, aliyetafuta njia ya kukarabati kuta za jengo lao, na hati yake ya ubunifu ilitoka mwaka 1911. Matofali ya zege yenye nondo ndani ni njia ya pili, rahisi kwa mafundi wa kawaida, mradi matundu yajazwe zege yote. Ya tatu ni ganda la faiba linaloletwa tayari: linafungwa kwa siku chache na kuta zake laini hazipendwi na ukungu, ila upana wake unaishia pale barabara inaporuhusu lori kubeba. Ya nne ni turubai maalumu la plastiki juu ya kuta nyepesi, ambalo gharama yake ya kuanzia ni ndogo lakini hubadilishwa baada ya miaka kumi hivi, na mbwa mwenye kucha au kiti cha chuma hulifupishia maisha.

Ukichagua zege, simama mwenyewe siku ya kumwaga. Mafundi wakichoka huongeza maji kwenye mchanganyiko ili uteleze kwa urahisi. Zege la namna hiyo likikauka linabaki na vitundu visivyoonekana, na vitundu hivyo ndivyo vitakavyovuja. Nondo za milimita 10 au 12 zikiwa zimeachana sentimita 15 hadi 20 ni za kawaida kwa bwawa la ukubwa huu, lakini mwachie mhandisi aamue. La kukagua wewe ni kwamba nondo hazilali kwenye udongo, zimenyanyuliwa kwa vitofali vya sentimita 5. Sehemu inayovuja zaidi ni pale ukuta unapokutana na sakafu. Kama vitamwagwa siku tofauti, sharti pawe na mkanda wa kuzuia maji katikati ya maungio. Zaidi ya hapo: magunia yaliyolowa juu ya zege kwa siku 7 zisizokatika, na siku 28 kabla ya kigae cha kwanza.

## Safari ya maji

Maji yote ya bwawa yapite kwenye filta mara moja kila saa 6 hadi 8. Kwa lita 45,000 na saa 6, unahitaji mita za ujazo 7.5 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea muuza pampu, na umwambie ni baada ya kutoa upinzani wa mabomba na filta, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya pampu isiyosukuma chochote.

Filta huja kabla ya pampu katika kufikiri, ingawa muuzaji ataanza na pampu. Filta ninayoizungumzia ni tangi lenye mchanga: maji yakiupita kwa kasi ya mita 20 hadi 30 kwa saa, mchanga unakamata uchafu vizuri. Yakienda 50 yanapita na vumbi lake. Filta yenye kipenyo cha sentimita 60 ina uso wa mita za mraba 0.28, gawanya 7.5 kwa 0.28, unapata karibu 27. Hiyo inatufaa. Pampu kubwa kwenye filta ndogo, kosa la kila siku, huchafua maji badala ya kuyasafisha. Mchanga nao ni wa silika uliochekechwa, chembe za nusu milimita hadi moja, usije ukajaziwa wa ujenzi.

Kama unaweza, nunua pampu inayobadilishwa kasi. Ukipunguza mzunguko kwa nusu, maji hupungua kwa nusu, lakini umeme hushuka hadi karibu moja ya nane. Ukiiendesha muda mara mbili kwa kasi nusu, unachuja maji yaleyale kwa robo ya umeme, na kwa sauti ambayo jirani hataisikia.

Mabomba: upande wa kufyonza maji yasizidi mita 1.5 kwa sekunde, upande wa kurudisha mita 2 hadi 2.5. Kwa mtiririko wetu bomba la milimita 50 linapita kwa shida kidogo, la 63 linapumua, na tofauti ya bei ni ndogo kuliko kuchimbua baadaye. Skima moja inatosha kwa mita za mraba 25 hadi 30, kwa hiyo mfano wetu wenye 32 ningeupa mbili. Midomo ya kurudishia maji iwe mitatu au minne, iliyoelekezwa ili maji yazunguke kama yanavyokorogwa kwenye sufuria, na mmoja wao upulizie ngazi. Nyuma ya ngazi na chini ya benchi ndiko ukijani unakozaliwa.

Midomo ya kufyonza sakafuni iwe miwili, iliyoachana sentimita 90 au zaidi na kuunganishwa kwenye bomba moja, kila mmoja na mfuniko usioweza kuzibwa na mwili. Mdomo ukiwa mmoja na mtoto akaukalia, pampu yote inamvuta yeye na hakuna mikono ya kumtoa. Marekani ilitunga sheria maalumu mwaka 2007 baada ya mtoto wa miaka 7 kunaswa na kufa kwa njia hiyo. Hapa sina la kujadiliana na fundi.

Chumba cha pampu kiwe karibu, ndani ya mita 10, usawa wa maji au chini kidogo, na kipitishe hewa. Klorini isihifadhiwe humo pamoja na asidi. Vikikutana hutoa gesi ya kuua, na hata mvuke wake tu hula nyaya za pampu. Na kabla chumba hakijajengwa, chora bomba la maji machafu. Dakika 3 za kuosha filta kwa pampu yetu ni karibu lita 375 kwa mkupuo. Karo halitayapokea kwa furaha, kwa sababu klorini huua vijidudu vinavyofanya kazi ndani yake.

## Umeme na uzio

Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, transfoma yake ikae mbali. Soketi zote zikae zaidi ya mita 3.5 kutoka ukingoni. Saketi ya bwawa iwe na swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Vyuma vyote, nondo, ngazi, reli, mwili wa pampu, viunganishwe kwa waya mmoja ili pasiwe na tofauti ya umeme kati yao. Hili hufanywa kabla ya zege, fundi umeme akija mwishoni amechelewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo anapozama hapigi kelele. Ndiyo maana uzio unaingia kwenye mchoro siku ya kwanza: kimo cha mita 1.2 au zaidi, nafasi kati ya vyuma isiyozidi sentimita 10, bila vyuma vya kulala ambavyo mguu mdogo utavipanda kama ngazi. Geti lijifunge lenyewe, lifungukie nje, komeo likae juu. Uzio uzunguke pande nne, ukuta wa nyumba wenye mlango usihesabiwe kuwa upande wa nne. Fundi akisema utaharibu mandhari, mtafutie wa vioo.

## Ukingo na rangi

Ukingo wa bwawa lazima uwe sawa kama meza, maana maji yenyewe ni pimamaji na yatamsema kila fundi. Ukipishana sentimita 2 utaona mstari wa vigae ukizama upande mmoja na kupanda upande wa pili, daima. Mafundi wa zamani hutumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mmoja anashika kona hii, mwingine kona ile, wanasubiri maji yatulie. Hakuna chombo kinachowashinda. Eneo la kutembea lenyewe liinamishwe sentimita 1 hadi 2 kwa mita kwenda nje, mbali na bwawa.

Vigae vya kutembelea mwage maji juu yake dukani, uvue viatu, ukanyage. Vya ndani uliza gundi yake kama ni ya kukaa majini muda wote. Kwa rangi, nyeupe hutoa maji ya samawati hafifu, kijivu hutoa samawati nzito, na nyeusi hufanya bwawa kuwa kioo cha mawingu. Hiyo nyeusi siipendi nyumbani kwenye watoto: aliye chini haonekani.

## Kuanzia kuchimba hadi kujaza

Mpangilio ni huu: vigingi na chokaa, kuchimba, kokoto na mabomba ya sakafuni, nondo na waya wa umeme, mabomba ya ukutani, zege, kulowesha, jaribio, kujaza udongo pembeni, plasta na dawa ya kuzuia maji, vigae, ukingo, mitambo, uzio, maji. Malipo yafuate hatua hizi, na sehemu nzuri ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi jaribio la maji lipite.

Mabomba yapimwe kwa shinikizo la bari 2 kwa saa 24 kabla ya kufukiwa, geji ikae mahali unapopita. Kabla ya kufukia, tandika futikamba kando ya kila bomba upige picha, moja kwa kila mita mbili, ukuta wa nyumba ukionekana nyuma. Picha hizo zitakuokoa siku utakapotaka kupanda mti au kusimamisha kibanda.

Ganda tupu lijazwe maji kabla ya vigae, likae siku 7, alama ya penseli kwenye usawa wa kwanza. Kuta za nje zikiwa bado wazi, utaona palipolowa kwa macho.

Siku ya kujaza kwa mwisho, bomba la nyumbani linalotoa lita 15 kwa dakika litahitaji saa 50. Likikwama katikati usiku kucha huacha mstari kwenye plasta mpya, kwa hiyo hakikisha maji yapo ya kutosha kwanza. Likishajaa pampu iende mfululizo siku mbili tatu, plasta isuguliwe kwa brashi kila siku. Pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ifike 7.2 hadi 7.6, klorini huru (ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu) miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na ualkali, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Ualkali usawazishwe kwanza, vinginevyo pH itakuchezea.

Wiki ya kwanza utaona usawa unashuka na utapata hofu. Kwenye jua na upepo, milimita 5 kwa siku ni kawaida, nayo ni lita 160 kwa bwawa letu. Ili ujue kama ni jua au ni ufa, jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya juu ikiwa imezama nusu, uweke alama usawa wa maji ndani ya ndoo na nje yake. Pampu izimwe, mtu asiingie, mvua isinyeshe. Rudi kesho saa ileile. Vikiwa vimeshuka sawasawa, funika bwawa usiku uendelee kuogelea. Kama nje kumeshuka zaidi ya ndani, rudia mara ya pili pampu ikiwa inafanya kazi: tofauti ikiongezeka, ufa uko kwenye mabomba, ikibaki ileile, uko kwenye ganda, na mafundi bado wanadai malipo yao ya mwisho.